"Knock up" haigawanyiki kwa ramani

Kila nikifundisha vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili, hakosi mtu wa kuniletea kauli ileile: "knock up" kwa Mwingereza ni kumgongea mtu mlango aamke, kwa Mmarekani ni kumpa mwanamke mimba. Basi, tuendelee. Hapana, jamani, hatuendelei.

Maana ya kuamsha ilikuwa hai kweli Uingereza. Katika miji ya viwanda, karne ya 19 na hata ndani ya karne ya 20, kulikuwa na watu waliolipwa kupita alfajiri wakigonga madirisha ya wafanyakazi kwa fimbo ndefu. Wengine walipuliza punje za njegere kavu kwa mrija. Saa za kengele zilipoenea kazi ile ikafa, na maana yake ikazeeka. Leo kijana wa London akisikia "he knocked her up" anawaza mimba, sawa na mwenzake wa Chicago.

Kinachoamua ni yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendwa, na maneno yanayoizunguka, na hapa ndipo wanafunzi wanaponikimbia. Mtu pamoja na saa, "knock me up at six", ni niamshe. Kitu, "knock up a shelf" au "knock up some lunch", ni kukitengeneza chapuchapu kwa vilivyopo. Mwanamke, bila saa wala mlango: mimba. Bila yambwa, kwenye tenisi: kurushiana mpira kabla ya mechi. Kiwakilishi hukaa katikati, "knock it up", basi.

Ile ya mimba si lugha ya adabu. Inadokeza mimba isiyopangwa, na mwanamke anatajwa kama kitu kilichotendwa. Usimwandikie bosi, usimwambie mkwe. "Pregnant" inatosha.

Na "up" si "juu". Kwenye kuamsha naweza kuihusisha na kuinuka kitandani. Kwenye mimba, maelezo niliyokutana nayo hayajaniridhisha hata moja, na sitawabunia jingine. Sisi wenyewe tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, na hatumdai mtu sababu. Mtoto hujifunza "piga" pamoja na kinachoifuata. Kwa hiyo futeni zile orodha za kitenzi kikavu na maana moja pembeni. Andikeni sentensi nzima, yambwa ikiwa ndani.