Plastiki za fenda: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Prado, Hilux, Defender na magari mengine ya njia mbovu mara nyingi huwa na plastiki pana zinazozunguka fenda juu ya matairi. Mwenye spana chache na subira anaweza kuzitoa nyumbani. Shida ni maneno ya mtaani kuhusu kazi hii, maana yameshaharibu magari mazuri.

Dhana: Huku Mbeya hakuna bahari, kutu itoke wapi?

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Chumvi huharakisha kutu tu. Maji na hewa vinatosha kuianzisha. Tope la Tukuyu au Mufindi likiingia nyuma ya plastiki halikauki upesi kama la nje. Linabaki pale na unyevu wake, limeshikana na bati. Ukishuka Chunya kwenye vumbi, plastiki inatikisika na mchanga uliojibana katikati unasugua rangi kama msasa mpaka bati linabaki wazi. Tena magari yetu mengi yametumika kwanza Japani, na sehemu za kaskazini kama Hokkaido barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari linaweza kufika Mbeya likiwa na kutu yake tayari. Kwa hiyo zitoe uone kilicho nyuma, hata kama unakusudia kuzirudisha.

Dhana: Zimeshikwa na gundi tu, zivute zitoke.

Nyingi zimeshikwa na vitu vitatu kwa pamoja: skrubu au boliti upande wa ndani wa fenda, klipsi za plastiki, na tepu ya gundi kwenye ukingo. Ukivuta kabla ya kumaliza skrubu, unakunja ukingo wa bati au unapasua plastiki yenyewe.

Anza kwa kuosha. Egesha mahali tambarare (Mbeya hii ya vilima, usidanganyike na mteremko mdogo), weka kigingi nyuma ya tairi, kisha kata usukani upande mmoja ili upate nafasi. Ukilazimika kutoa tairi, gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Pitisha kidole taratibu ndani ya ukingo wote, utahisi vichwa vya skrubu ambavyo macho hayavioni. Tundu la kichwa huwa limejaa tope gumu. Lichokonoe kwa msumari kwanza, la sivyo bisibisi itateleza na kukila kichwa. Klipsi nyingi zina pini katikati: inua pini kwanza, ndipo uing'oe klipsi nzima.

Tepu ya gundi ilegeze kwa draya ya nywele, kisha ikate kwa mshipi wa kuvulia samaki, ukiuvuta huku na huku. Bisibisi bapa itakuachia mikwaruzo.

Dhana: Asubuhi na mapema ndio wakati mzuri.

Kwa Makete au Njombe mwezi wa Juni na Julai, hapana. Plastiki ikiwa baridi inakuwa ngumu na klipsi zinakatika. Subiri jua la saa saba mchana.

Dhana: Boliti ikigoma, mwagia mafuta ya breki.

Tafadhali usifanye hivyo. Mafuta ya breki ya kawaida hula rangi ya gari. Tumia mafuta ya kulegeza kutu, yaache yapenye, kisha kaza kidogo kabla ya kufungua. Yale ya breki yakishamwagika, osha hapo hapo kwa maji mengi.

Dhana: Land Rover ni alumini, haina cha kuoza.

Bodi ya Defender ya zamani kwa sehemu kubwa ni alumini kweli, lakini chesisi ni chuma. Boliti ya chuma ikigusana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe na rangi iliyovimba kuzunguka tundu.

Dhana: Zikishatoka, kazi imekwisha.

Matundu yaliyobaki ni njia ya maji. Sugua kutu kwa msasa mpaka uone bati safi, paka praima (rangi ya msingi) kisha rangi, na kama huzirudishi plastiki, ziba kwa vizibo vya mpira. Mabaki ya gundi yafute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha osha kwa sabuni. Petroli iache, mvuke wake unawaka upesi. Na kama matairi yako yametokeza nje ya bodi, zirudishe, kwa sababu bila hizo mawe yatagonga milango yako na kioo cha anayekufuata.