Filamu ya kutisha kuhusu imani na shaka: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Filamu ya kutisha inayogusa dini ni kufuru.

William Peter Blatty, aliyeandika riwaya na muswada wa The Exorcist (1973), filamu kuhusu msichana aliyeingiwa na pepo, alikuwa Mkatoliki, na mmoja wa walioigiza mapadri humo alikuwa padri Mjesuiti wa kweli. Kinachoumiza waumini ni dharau, pale misalaba na mishumaa inapogeuzwa mapambo na mwandishi asiyetaka hata kujua watu husali kwa nini.

Dhana: Shaka ni adui wa imani, hivyo mwenye shaka lazima aadhibiwe.

Hapa ndipo miswada mingi inapoharibika. Fungua Injili ya Marko, sura ya 9. Baba ana mtoto anayeangushwa na pepo, anatokwa na povu, anasaga meno. Tangu utotoni pepo huyo amemtupa mara nyingi motoni na majini. Wanafunzi wamejaribu kumtoa wakashindwa, na umati unatazama. Baba anaambiwa yote yawezekana kwake aaminiye, naye analia: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu."

Mtu yuleyule, pumzi ileile, anaamini na haamini. Na mtoto anapona. Shaka ya baba haikumzuia. Lakini baba hakulijua hilo alipokuwa akilia, na hofu yote imo katika dakika ile. Kinachomtisha zaidi ya pepo ni swali hili: je, mwanangu atakufa kwa sababu sikuamini vya kutosha? Mhusika akibeba swali hilo, mtazamaji atakaza mikono hata pasipo kelele. Padri Karras wa Blatty ameumbwa hivyo: mama yake amefariki, anajilaumu, imani yake inalegea, na pepo anamshambulia kwenye jeraha hilohilo la mama.

Dhana: Padri akifika, anatoa msalaba na kazi inaanza.

Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1172, inamtaka padri apate ruhusa ya wazi ya askofu kabla ya kumpunga pepo mtu, na Katekisimu ya Kanisa inataka kwanza ihakikishwe si ugonjwa. Katika The Exorcist madaktari ndio wanaompendekezea mama wa msichana jambo hilo, na padri ndiye anayesita! Mgeuzo huo una nguvu kuliko kitanda kinachotikisika. Anayeandika kuhusu ruqya, tiba ya Kiislamu ya kufukuza majini, naye akumbuke kwamba msingi wake ni kisomo cha Qur'ani na dua. Ukikosea ibada, muumini anatoka ndani ya hadithi papo hapo.

Dhana: Bila pepo anayeonekana hakuna hofu.

The Wicker Man (1973) haina jini wala mzuka. Kuna askari polisi Mkristo, kisiwa, jua la mchana na watu wanaoimba kwa furaha. Na ukitaka ubaridi, uwe wa kweli: chumba cha mtoto katika The Exorcist kilipozwa kwa mitambo mpaka pumzi za waigizaji zikaonekana.

Dhana: Mwisho lazima useme kama ni Mungu, shetani au maradhi.

Si lazima. Ila kuacha swali wazi ni kazi ngumu kuliko kulijibu, maana kamera husema hata usipotaka iseme. Ukionyesha glasi ikisogea yenyewe katika chumba kisicho na mtu, umeshajibu. Mimi hupendelea njia hii: kila jambo la ajabu lionekane kwa macho ya mhusika mmoja tu. Mtu wa pili akiingia, akute vitu vinavyokubali maelezo yote mawili: glasi iliyopasuka, dirisha lililo wazi, na mwanamke aliyepiga magoti sakafuni, magoti yamechubuka, midomo bado inasogea.