Desibeli 105 uwanjani: namba hiyo ina maana gani?

Kijiweni kwetu Mwanga, Kigoma, dereva mmoja wa bodaboda alisogeza simu yenye programu ya kupima sauti karibu na ekzosi ya Boxer yake, ile ambayo fundi ameitoa utumbo wa ndani, akapiga resi. Simu ikaandika 104. "Uingereza viwanja vingi mwisho ni 105," akatuambia, "kwa hiyo mimi napita." Mzee anayeuza duka pembeni akajibu kwamba kama hiyo inapita, basi huko watu wote ni viziwi.

Namba ya kijana haikuwa ya kubuni. Viwanja vingi vya mbio Uingereza, hasa siku ambazo mtu analipia muda na kuingia na pikipiki yake mwenyewe, huweka kikomo cha desibeli 105. Tatizo ni kwamba aliibeba namba akaacha maelezo yake. Ni kama kusikia dagaa ni elfu tatu usiulize ni kwa fungu au kwa sado.

Kwanza desibeli yenyewe, kizio cha kupimia ukali wa sauti. Haijumlishwi kama shilingi. Pikipiki moja ikisoma 90, ukiwasha nyingine ya aina hiyo hiyo pembeni yake hupati 180, unapata 93. Zikiwa kumi, 100. Kila desibeli 10 zinazoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara kumi, ingawa sikio letu husikia kama imeongezeka mara mbili tu hivi. Ndiyo maana mtu aliyezidisha kikomo kwa desibeli 3 akilalamika "ni tatu tu", msimamizi hamwelewi: nguvu ya sauti yake ni mara mbili ya iliyoruhusiwa. Herufi A unayoiona mara nyingi baada ya dB, kifupi cha desibeli, ina maana kipimo kimechujwa kifanane na usikivu wa binadamu, ambaye mivumo mizito sana haimfikii vizuri.

Sasa hiyo 105. Inahusu kipimo cha kusimama. Pikipiki haiendi popote. Injini imepata moto, gia iko nyutro, na maikrofoni imewekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kimo sawa na mdomo huo, kwa pembe ya nyuzi 45 ili moshi usiipige moja kwa moja. Mtu mmoja anashika aksileta, mwingine anasoma kipimo. Injini haifunguliwi yote. Utaratibu uliozoeleka kwa pikipiki za barabarani ni nusu ya mizunguko ambayo injini hutolea nguvu yake ya juu. Kama nguvu hiyo hutoka kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika, inapimwa kwenye 4,000. Injini za mwendo mdogo, zisizozidi 5,000, hupimwa kwenye robo tatu. Pasiwe na ukuta wala gari karibu, maana sauti hurudi na kuongeza namba. Kijana wetu alipima ndani ya banda la bati.

Pikipiki ikipita hubandikwa stika. Lakini hapo hujapimwa kelele utakayopiga uwanjani. Injini iliyosimama haina mzigo, na ukiwa njiani aksileta imefunguka yote, mlio wa kuvuta hewa unaongezeka, mnyororo na matairi navyo vina sauti yao. Kipimo cha kusimama kinapendwa kwa sababu kinarudiwa kwa urahisi: leo na kesho, pikipiki ile ile, namba karibu ile ile.

Kwa hiyo viwanja vingine huongeza kipimo cha kupita. Maikrofoni inafungwa pembeni ya njia na kila anayepita anaandikwa. Laguna Seca, uwanja wa mbio kule California, Marekani, unajulikana kwa siku zake nyingi za kikomo cha desibeli 92, kinachopimwa futi 50 kutoka njiani, yaani kama mita 15. Ukiiweka 92 karibu na 105 ya Uingereza utasema Wamarekani wana roho mbaya. Piga hesabu kidogo. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua kama desibeli 6. Basi 105 ya nusu mita inakuwa 99 kwenye mita moja, 93 kwenye mbili, 87 kwenye nne, na ikifika mita 15 imebaki 75 na ushee. Ukigeuza hesabu, 92 ya mita 15 ni sawa na kama 121 pale kwenye mdomo wa ekzosi. Namba ndogo imebeba kelele kubwa zaidi, na hiyo ni kelele ya pikipiki inayokimbia kweli. Hata MotoGP, mashindano makubwa ya dunia ya mbio za pikipiki, ambako watu hudhani ni ruksa kupiga kelele upendavyo, kanuni imekuwa na kikomo cha 130 kwa pikipiki iliyosimama.

Kipimo cha kupita kina wajanja wake. Mwendeshaji akishajua maikrofoni ilipo, anaachia aksileta akifika hapo, au anageuza mdomo wa ekzosi utazame upande wa pili. Hali ya hewa nayo huingia. Upepo ukitoka njiani kuelekea kwenye kipimo, namba hupanda. Usiku ulio shwari ardhi hupoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti badala ya kupaa hujikunja kurudi chini. Ndiyo maana pikipiki inayopanda kutoka mjini kuja Mwanga saa sita za usiku utadhani iko mlangoni.

Chanzo cha yote haya ni majirani. Uwanja wa Croft, kaskazini mwa Uingereza, ulishtakiwa na familia ya jirani, na mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ikauwekea siku 40 tu za kelele kubwa kwa mwaka. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitoa hukumu ya kesi ya Coventry na Lawrence, kuhusu uwanja wa mbio Suffolk uliokuwepo tangu miaka ya 1970. Walalamikaji walinunua nyumba yao mwaka 2006. Utetezi wa "mmetukuta hapa", ambao kwetu ndio wa kwanza kutoka mdomoni mwa kila mwenye baa, majaji hawakuupokea kuwa kinga. Tanzania nayo ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo husimamia.

Anayeshindwa kipimo cha kusimama ana njia mbili za haraka. Achomeke kizibo chenye tundu dogo kwenye mdomo wa ekzosi, au abadilishe pamba ya kioo iliyo ndani ya sailensa, kwani ikiungua mlio hupasuka hata kama hukutoboa kitu.

Tulirudia kipimo siku ya pili. Boxer ikatolewa bandani, ikasimamishwa kiwanjani, simu ikavikwa kipande cha sponji la godoro na kuwekwa nusu mita kwa kamba. Mshale wa mizunguko pikipiki ile haina, kwa hiyo fundi akakadiria 4,000 kwa sikio. Ikasoma 97. Mwenyewe alikataa matokeo. Alisema fundi amebana aksileta makusudi.