Mwani Msumbufu Kwenye Tangi la Maji ya Bahari: Utambue Kabla ya Kununua Dawa

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu siku hizi yanafanana: tangi limevamiwa na mwani, mwenye tangi amemimina dawa ya chupa, na hali imezidi kuharibika. Tukiuliza ni mwani gani, tunajibiwa "ule wa kahawia". Wa kahawia si mmoja, na hatua inayofaa kwa huyu inaweza kumpa nguvu yule.

Vumbi la kahawia juu ya mchanga na vioo katika wiki za kwanza za tangi jipya kwa kawaida ni dayatomu, mwani mdogo sana wenye ganda kama kioo. Zinategemea siliketi, madini yaliyoyeyuka majini; ikiisha, nazo hupungua. Futa kioo, subiri. Kwa hili hakuna haja ya kutuandikia.

Ute wa kahawia wenye nyuzi na mapovu, unaofifia usiku na kurudi taa zikishawaka, ni jambo jingine. Hizo huenda ni dinoflajelati, viumbe vidogo vya seli moja, na baadhi yake, kama Ostreopsis, zina sumu. Konokono wakianza kufa ovyo, zishuku mapema. Chota ute huo pamoja na maji ya tangi kwenye chupa, tikisa kwa nguvu mpaka uvunjike, chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha acha maji yaliyochujika chini ya taa kwa muda wa saa moja. Nyuzi zikijisuka upya, una jibu: ni dinoflajelati. Mara nyingi hushamiri pale virutubisho vya nitreti na fosfeti vinaposhuka hadi sifuri. Bado wapo wanaotutumia picha za vipimo vya sifuri kwa fahari, kana kwamba ni cheti cha usafi! Matumbawe nayo yanahitaji virutubisho hivyo. Fosfeti ya miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita, na nitreti ya 5 hadi 10, hufaa matangi mengi. Kubadilisha maji kila mara katika hali hii huweza kuzidisha tatizo.

Utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka kama ngozi si mwani hata kidogo, ni sianobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga kama mimea. Unyonye kwa mpira wa maji, ongeza mkondo wa maji, punguza chakula. Antibayotiki isiwe hatua ya kwanza, kwani inaweza kuua pia bakteria wanaosafisha tangi.

Nywele za kijani hulishwa na virutubisho vilivyozidi, hata kama kipimo kinasoma chini, maana mwani wenyewe umeshavimeza. Ng'oa kwa mkono, sugua jiwe kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji ya tangi, na ujazie tangi kwa maji ya osmosisi (yaliyochujwa chumvi na virutubisho), si ya bomba. Nyuzi zilizopangika kama unyoya ni Bryopsis, ambayo konokono wengi huikataa. Vipovu vya kijani ni Valonia. Ving'oe vikiwa vizima, bila kuvipasua.

Sasa utupaji, ambao wengi huuona mdogo. Mwani uliong'olewa usimwagwe baharini, mtoni wala kwenye mtaro wa mvua, hata ukiwa kiganja kimoja. Caulerpa taxifolia, mwani wa mapambo, ilionekana baharini karibu na Monaco mwaka 1984 na kusambaa Mediterania. Mwaka 2000 iligunduliwa California, Marekani, na kuitokomeza kuligharimu zaidi ya dola milioni 7. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 2001 ilikataza kuuza, kumiliki, kusafirisha na hata kugawa bure aina za Caulerpa zilizotajwa ndani yake, kwa faini ya dola 500 hadi 10,000 kwa kila kosa. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo uliza mamlaka husika kabla ya kumpa jirani kipande.

Utaratibu ni huu: weka mwani kwenye mfuko wa plastiki, ugandishe kwenye friza kwa saa 24 au zaidi, funga mfuko vizuri, kisha utupe pamoja na taka ngumu. Mawe na mchanga uliotoka kwenye tangi lenye Caulerpa hufuata njia hiyo hiyo, kwa sababu kipande kidogo tu kinaweza kuota upya.