Maelezo yaliyobadilika si ushahidi wa uongo

Nimelisikia tena juzi, safari hii kwenye semina ya wasaidizi wa kisheria hapa Uyole, Mbeya, kutoka kwa mtu mzima mwenye nia njema kabisa: "Wakili, hawa Wahabeshi na hawa Wakongo si wakimbizi. Mkimbizi wa kweli maelezo yake hayabadiliki. Hawa leo wanasema hivi, kesho vile." Nusu ya ukumbi ikatikisa kichwa kukubali. Nilipewa dakika chache za kujibu, na hazikutosha. Basi naandika, maana nimechoka kulijibu jambo hili kwa vipande.

Niyaondoe kwanza mawili yanayosemwa pamoja nalo. La kwanza: "Hawa wanapita tu kwenda Afrika Kusini kutafuta maisha." Ndiyo, wengi wanaokamatwa kati ya Makambako na Tunduma, au wakishuka Kyela kuelekea Kasumulu, wanakwenda Afrika Kusini. Ndiyo, wengi wao ni vijana wa Hadiya na Kambata, kusini mwa Ethiopia, wanaotafuta maisha, na ukiwauliza kwa lugha yao hawakufichi. Wengi, lakini si wote. Ndani ya lori moja yumo anayemfuata kaka yake mwenye duka, na ubavuni mwake yumo aliyekimbia kufungwa. Hati ya mashtaka huwaweka wote kapu moja: kuingia nchini isivyo halali. Wanakiri kwa pamoja, hukumu inasomwa, na swali la nani kati yao anaogopa kurudi kwao halikuulizwa na mtu. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inasema mwomba hifadhi haadhibiwi kwa sababu tu ya kuingia bila kibali, na inampa siku 7 za kujitokeza. Hizo siku 7 anahesabiwa mtu aliyevuka mpaka usiku chini ya turubai, asiyejua kama yupo Tanzania au bado yupo Kenya.

La pili: "Mbona hakuomba hifadhi huko alikopita?" Mkataba wa kimataifa wa Wakimbizi wa 1951 hauna kifungu kinachomlazimisha mtu kuomba hifadhi katika nchi ya kwanza anayofika. Na sisi wa nyanda za juu ndio tungekuwa wa mwisho kuuliza swali hilo. Nenda Ifunda, Iringa, au Kidugala kule Njombe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kulikuwa na makambi ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliong'olewa kwao na Wasovieti, wakapelekwa Siberia, wakashuka mpaka Uajemi, wakavuka bahari ndipo wakafika huku. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa kuwa walipata pa kulala Uajemi, ukimbizi wao uliishia hukohuko. Makaburi yao yapo.

Sasa maelezo.

Watu wanaosema "maelezo yalibadilika" hawajawahi kukaa pale maelezo ya kwanza yanapozaliwa. Ni usiku, kituo kiko kando ya barabara kuu, watu ishirini wamekaa sakafuni, hawajanywa maji tangu jana. Afisa mmoja na kalamu yake. Mkalimani hayupo, kwa hiyo anatafutwa mmoja wao anayejua Kiingereza kidogo au Kiswahili cha Nairobi. Huyo ndiye anayesimama na kutafsiri kwa niaba ya wote. Nani huyo? Mara nyingi ni mtu wa dalali anayewasafirisha kwa siri, aliyetumwa kuwasindikiza mpaka wavuke. Ndiye anayeshika simu, ndiye anayejua nani amelipa na nani bado anadaiwa. Mbele ya mtu kama huyo, kijana aliyekimbia mahabusu ya kwao atasema nini? Atasema kile ambacho wenzake wote wamesema: naenda kutafuta kazi. Sentensi hiyo inaandikwa, anaweka dole gumba, na kuanzia hapo karatasi hiyo inamfuata kila aendako. Miezi mitatu baadaye anapata mkalimani wa kweli, mlango umefungwa, analeta habari yake yote. Mtu anafungua faili na kusema: amebadilisha.

Hapo hatujafika kwenye tarehe. Kalenda ya Ethiopia ina miezi 13: 12 yenye siku 30 kila mmoja, na wa mwisho wenye siku 5 au 6. Mwaka wao huanza mwezi wetu wa Septemba, na wako nyuma yetu kwa miaka 7 au 8. Vita ya Tigray ilianza tarehe 4 Novemba 2020. Kwa hesabu yao ilikuwa tarehe 25, mwezi wa pili, mwaka 2013. Mtu akisema "nilikimbia baada ya vita kuanza, mwaka 2013", na afisa akaandika 2013 kama alivyosikia, karatasi ya kwanza tayari imemtia mtu huyo uongoni bila yeye kujua. Mkalimani wa pili, anayejua kazi yake, anabadilisha kuwa 2020. Faili sasa lina tofauti ya miaka saba, na hakuna hata mmoja aliyedanganya.

Saa ndiyo inayoniuma zaidi. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi! Siku inaanza asubuhi, saa moja ni saa moja baada ya mapambazuko. Mtu anasema walikuja kumchukua baba yake saa tatu usiku. Mtanzania na Mwethiopia wakielewana moja kwa moja, hakuna tatizo lolote. Lakini katikati kuna Kiingereza. Mkalimani anaitaja tatu ileile kwa Kiingereza, naye afisa, akijua kwamba tatu ya Kiingereza ni tisa yetu, anaandika "saa tisa usiku". Mahojiano ya pili yanakwenda bila Kiingereza, inaandikwa saa tatu. Kisha linatolewa swali kwa sauti nzito: ulikuwa umelala au ulikuwa macho? Kwa sababu mara ya kwanza alisema walikuwa bado wanakula, na saa tisa usiku watu hawali.

Majina nayo. Wengi wao hawana jina la ukoo. Mtu ana jina lake, la baba, na la babu. Fomu yetu inadai jina la ukoo, basi huku linaandikwa la babu, kule linaandikwa la baba, na mtu mmoja anaonekana watu wawili.

Wakongo tunawadhulumu kwa namna nyingine. Kwa kuwa wanaongea Kiswahili, hatuwaitii mkalimani. Mtu wa Fizi au Uvira, mashariki mwa Kongo, ana Kiswahili chake, na nyumbani pengine anaongea Kibembe au Kifuliru. Anasema baba yake aliuawa, halafu ukurasa wa pili baba yake anaugua kambini. Uongo huo, anasema mwenye kalamu. Jamani, tuko Mbeya. Hapa nani asiyejua kwamba ndugu wa baba ni baba? Muulize "baba yupi?" na jambo linakwisha hapohapo. Kutomuuliza, kisha kumhukumu kwa jibu ambalo hakuombwa, huo ni uonevu.

Halafu kuna kumbukumbu yenyewe. Mwaka 2002 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watu kutoka Kosovo na Bosnia waliokwishapewa hifadhi. Hawakuwa na sababu yoyote ya kudanganya, hakuna walichokuwa wanaomba. Walihojiwa mara mbili kuhusu mambo yaleyale, na maelezo yao yalitofautiana hata hivyo, hasa kwenye yale yaliyokuwa pembeni ya tukio. Kwa wale waliokuwa na athari kubwa za kiwewe, kadiri mahojiano mawili yalivyopishana kwa muda mrefu ndivyo tofauti zilivyoongezeka. Nani asiyelijua hili kwa macho yake? Kaa msibani siku tatu, sikiliza wafiwa wakieleza siku ya mwisho ya marehemu. Mke anasema alikunywa uji, binti anasema alikataa kula, kaka anasema alikuwa anaongea vizuri. Hakuna anayewaita waongo. Mkimbizi tunamdai akumbuke rangi ya gari.

Na kuna yale yasiyosemwa kabisa mara ya kwanza. Mwanamke aliyebakwa njiani au kwao hatalisema mbele ya mkalimani mwanamume wa kabila lake, mbele ya wanaume wengine kumi. Atalisema mwaka unaofuata, kwa mwanamke mwenzake, au hatalisema kamwe. Likija likiwa limechelewa linaitwa nyongeza. Mimi huliita maelezo ya kwanza ya kweli.

Sasa niseme ambalo vitabu vya mafunzo hulikwepa. Wapo wanaodanganya. Madalali wanauza habari kama wanavyouza nafasi kwenye lori: sema wewe ni wa chama fulani, sema ulifungwa gereza fulani. Nimekaa na watu ambao mpaka leo siwezi kusema kama waliniambia kweli. Mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi unasema mwombaji apewe faida ya shaka pale ambapo maelezo yake kwa jumla yanaaminika, na mimi naukubali, lakini neno "kwa jumla" linaacha kazi kubwa kwa binadamu mmoja aliyechoka. Ninachokiona ni kwamba habari iliyonyooka kupita kiasi, yenye tarehe zote na isiyo na mahali pa kusitasita, ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko ile iliyovurugika. Na hata hapo sina uhakika. Yupo mtu aliyeulizwa mara nyingi mno mpaka akajifunza kuinyoosha, na ni mkimbizi halali kabisa.

Hapa ndipo mambo ya jukwaani yanapoingia, na ndiyo yaliyonifanya niandike kwa urefu huu. Kila inapokaribia tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, napigiwa simu: tutafutie mkimbizi aje asimulie. Nafurahi kuona wakimbizi wakijisemea wenyewe; haki zao hazitadaiwa vizuri na mawakili peke yetu. Lakini wanaoandaa nao wanataka habari iliyonyooka, na wanaitaka yenye machozi. Mama mmoja wa Kikongo, anayeishi hapa mjini kwa kibali, alikuja ofisini na karatasi aliyokuwa ameiandika kwa mkono kwa ajili ya shughuli kama hiyo. Alitaka kuzungumzia dada yake aliyeko Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma: kwamba hawezi kutoka nje ya kambi bila kibali, kwamba anajua kushona lakini hana pa kuuzia, kwamba wanaopanga mambo ya kambi hawawaulizi wanaoishi humo. Mwandaaji alikuwa ameichora karatasi ile kwa kalamu nyekundu. Aya zote tatu zilikuwa zimekatwa kwa mstari, na pembeni imeandikwa: "Mama, weka ile ya mtoto." Mtoto wake alifia njiani. Hakuwa ameliandika neno hata moja juu yake.

Nilimwambia, mama, haulazimiki. Naye akaniuliza swali la kiwakili kuliko langu: nikilisema pale, na watu wakalirekodi, je, litalinganishwa na faili la dada?

Ndiyo, linaweza kulinganishwa. Simu zipo, magrupu ya WhatsApp yapo, na video ya dakika mbili inafika Uvira kabla shughuli haijafungwa. Inafika kwa waliomfukuza pia. Kwa hiyo anayetaka kupanda jukwaani wakati ombi lake au la ndugu yake bado linapitiwa, ushauri wangu ni mmoja: acha majina, acha tarehe, acha njia mliyopita. Tumia muda wako kudai. Nujeen Mustafa, msichana wa Kisyria aliyesafiri kwa kiti cha magurudumu mpaka Ujerumani mwaka 2015, alizungumza mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Aprili 2019, mtu wa kwanza mwenye ulemavu kulihutubia baraza hilo. Alichopeleka pale kilikuwa madai kuhusu watu wenye ulemavu waliokwama vitani, na safari yake ilikuwa ushahidi tu wa kuyashika. Uganda nayo, tangu 2018, ina jukwaa rasmi la wakimbizi ambalo wawakilishi wake wanakaa meza moja na serikali na wafadhili. Pale mtu anaulizwa anataka nini kibadilike. Huku kwetu bado anaulizwa ilikuwaje, alilia vipi.

Yule mama alikwenda. Alisoma aya zake tatu kama alivyoziandika, akashuka. Makofi yalikuwa machache. Mwandaaji hakufurahi, na sidhani kama atamwita tena.

Kwa wenzangu wa kituoni na wa mahakamani: sina mamlaka ya kuwaamuru, naomba. Kabla hamjachukua kukiri kwa kundi zima, mwulizeni kila mmoja peke yake kama kuna kinachomtisha kurudi. Msimtumie anayeshika simu ya wenzake kuwa mkalimani. Mkimpata mwanamke, mtafutieni mwanamke. Mkiandika mwaka au saa, andikeni pembeni ni kwa hesabu ya nani na imepita lugha gani. Nimechapa karatasi ya ukurasa mmoja yenye miezi 13 ya Ethiopia na miezi yetu ubavuni mwake. Nitaanza kuigawa vituoni, Tunduma kwanza, halafu Kyela.