Hofu ya ugonjwa: dodoso la wagonjwa wa nje linapima nini hasa?

Kuna mgonjwa ambaye kila daktari wa zamu anamjua kwa bahasha yake. Ni ya kaki, imechanika pembeni, na ndani mna ultrasaundi ya tumbo ya mwaka jana, kipimo cha umeme wa moyo, picha mbili za kifua na majibu ya damu kutoka maabara tatu. Yote safi. Kabla hajakaa sawasawa kwenye kiti anaanza: "Daktari, naomba leo unipime vizuri, huu moyo hauko sawa." Ukimwambia moyo mzima, anashukuru na kuondoka mwepesi. Baada ya wiki mbili yuko tena kwenye benchi, safari hii na mdundo alioushtukia usiku akiwa amelalia ubavu wa kushoto.

Huyu hadanganyi. Mdundo kausikia kweli. Kinachomtesa ni kile anachokiamini kuhusu mdundo huo, na muda anaoutumia kuusikiliza.

Zamani hali hii iliitwa haipokondria, kutoka maneno ya Kigiriki yanayomaanisha chini ya gegedu za mbavu, kwa kuwa waganga wa kale walidhani majonzi na hofu ya namna hii hutoka kwenye viungo vilivyo hapo. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliliondoa jina hilo katika DSM-5, mwongozo wao wa kutambua magonjwa ya akili, kwa sehemu kwa sababu lilishakuwa kama tusi. Badala yake waliweka makundi mawili: wenye dalili za mwilini zinazowasumbua na kuyateka mawazo yao, na wale ambao dalili hawana, au wanazo kidogo tu, lakini wanaishi na hofu ya kuugua. Katika makundi yote mawili hali huhesabiwa kuwa tatizo ikidumu miezi sita au zaidi.

Uchunguzi wa awali wa hofu hii ni kumpa kila anayefika kliniki dodoso fupi, mara nyingi akiwa bado anasubiri kuitwa. Lichukulie kama chekeche. Kinachobaki juu si lazima kiwe kibovu. Kinatakiwa tu kitazamwe tena.

Dodoso kongwe ni la Whiteley, lililotungwa na Issy Pilowsky mwaka 1967, lenye maswali 14 ya ndiyo au hapana. Mojawapo linauliza kama huwa unapata shida kumwamini daktari anapokwambia huna la kuhofia. Mwenye ile bahasha angejibu ndiyo bila kufikiri. Mwaka 2002 Paul Salkovskis na wenzake wa Uingereza walitoa lingine ambalo kila swali lina sentensi nne, na mgonjwa huchagua inayomfaa. Alama ni 0 kwa asiyehofia afya yake, hadi 3 kwa ambaye hofu hiyo inamlia sehemu kubwa ya siku.

Mwaka huohuo likaja PHQ-15, nalo huchanganywa sana na hayo mawili. PHQ-15 huorodhesha dalili 15, kama maumivu ya mgongo, kizunguzungu, tumbo kujaa gesi na kukosa usingizi, kisha huuliza kila moja imekusumbua kiasi gani. Linapima mzigo wa dalili, na kuhusu hofu halisemi kitu. Mwenye selimundu anaweza kupata alama za juu ilhali amekwisha kuuzoea ugonjwa wake na wala haumnyimi amani. Anayetumia dodoso hili peke yake kisha akaandika kwenye faili "mgonjwa ana hofu" amekosea kipimo.

Ukubwa wa tatizo ulionekana Uingereza, pale Peter Tyrer na wenzake walipowapima karibu wagonjwa 29,000 waliofika kliniki za moyo, kifua, tumbo, homoni na mishipa ya fahamu. Takribani mmoja kati ya watano alivuka kiwango cha hofu kilichowekwa. Kliniki ya mishipa ya fahamu iliongoza, karibu mmoja kati ya wanne. Kati ya waliovuka kiwango hicho, 444 waliingizwa katika jaribio la tiba ya mazungumzo, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Waliotoa tiba hawakuwa mabingwa wa akili. Baadhi walikuwa wauguzi wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Hofu ilipungua, na miaka miwili baadaye tofauti bado ilionekana.

Lakini usiichukue namba kama hukumu. Tuseme kliniki ina watu 100, na 20 wana hofu iliyopitiliza. Dodoso likiwanasa 16 kati ya hao 20, na kwa bahati mbaya likawanasa pia 16 kati ya 80 waliobaki, nusu ya walionaswa hawahusiki. Ndiyo maana baada ya alama hufuata mazungumzo, na mwili hupimwa kama kawaida. Aliyetoka kulazwa kwa shambulio la moyo mwezi uliopita ana haki ya kuogopa kila kichomi.

Kwetu kuna pia suala la lugha. Neno la haraka ni "wasiwasi", lakini ukimuuliza mtu "una wasiwasi na mwili wako?" anaweza kusikia kwamba unamuuliza anashuku nini, na mwingine akafikiria minong'ono ya shetani, maana ndiko neno lilikotoka katika Kiarabu. Wengi wangekujibu vizuri zaidi ukiwauliza kama "wana mawazo", kama moyo unakwenda mbio, kama kichwa kinawaka moto. Kugeuza maneno ya dodoso bila kuwasikiliza wagonjwa wenyewe ni kujipatia alama zisizo na maana.

Tena kuna wanaoogopa kwa njia nyingine kabisa: amepapasa uvimbe titini, hataki kuutaja, akipita karibu na hospitali anageuzia uso upande wa pili. Naye DSM-5 inamtambua, kama mwenye hofu anayekwepa matibabu. Dodoso la kwenye benchi la wagonjwa wa nje halitamfikia, kwa kuwa hapo kwenye benchi hajaja.