Rubani hodari haongozi ndege kwa hisia

Imani kwamba rubani hodari huihisi ndege mwilini hata akiwa ndani ya wingu ni ya zamani, na bado ina wafuasi. James Doolittle, rubani wa jeshi la Marekani aliyepata shahada ya uzamivu ya uhandisi wa anga katika chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, mwaka 1925, alionyesha kinyume chake. Ndege ikigeuka polepole, majimaji ya sikio la ndani huufuata mzunguko hadi hisia ya kugeuka inapotea, na rubani, hata awe jasiri namna gani, huapa kwamba anakwenda moja kwa moja. Tarehe 24 Septemba 1929, akiwa amefunikwa asione nje, Doolittle alipaa, akazunguka na kutua kwa kusoma ala za vipimo ndani ya ndege tu. Rubani wa akiba, Ben Kelsey, alikaa mbele bila kulazimika kugusa usukani.